Risasi Tatu Nilizokatazwa Kupiga

Watakaouliza nilikuwa nimekunywa nini, nawajibu mapema: kahawa, kikombe kimoja, saa nane mchana. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, katika uwanja wa shabaha wa ndani hapa Brussels, taa zote zikiwaka, na ushahidi wake niliuona kwa macho yangu juu ya mizani. Ukikataa kuniamini sitakulaumu. Lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Kiswahili hiki cha kuandika nilikipata shuleni, kambini Kigoma, kabla hatujaletwa Ulaya. Miaka mingi nilifanya kazi katika kiwanda cha magari kule Forest, mtaa wa Brussels, na kilipofungwa nikabaki nyumbani nikizungukazunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Mwenzangu mmoja wa kiwandani akanipeleka kwenye klabu ya walenga shabaha. Nilikwenda kwa kumridhisha tu, nikabaki. Si mlio ulionivutia. Mlio nimeusikia wa kutosha maishani mwangu. Ni ule utulivu kabla yake, pumzi ikitoka na kidole kikingoja.

Mke wangu hakunielewa.

"Tulikimbiaka masasi," aliniambia, "na wewe unatengeneza ingine mu cave ya nyumba? Ni kichwa gani hiyo?"

Maana, ndiyo, vibali nilipovipata nilianza kujitengenezea risasi, huko chini kwenye stoo ya jengo letu. Ndivyo wafanyavyo wanaotaka shabaha safi. Unachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, unayasafisha, unatia fataki mpya ya kuwashia baruti, unapima baruti punje kwa punje, halafu unakandamiza juu yake kichwa, kile kipande kinachoruka. Kila moja ikifanana na mwenzake, matundu kwenye karatasi yanakaa pamoja. Vyombo vyangu vyote, mashine ya kukandamizia, mizani na masanduku ya vichwa, nilivinunua kwa mama mmoja Mbelgiji wa Laeken, mjane. Mumewe ndiye aliyekuwa mlenga shabaha. Siku ile hatukuongea mengi. Alinisaidia kubeba mpaka kwenye gari, basi.

Sasa, shida yangu ilikuwa moja. Risasi zangu zilitawanyika. Nilibadili fataki, nikapima upya, nikabadili hata namna ya kulala nyuma ya bunduki, wapi! Vichwa nilivyotumia vilikuwa virefu na vizito, maana niliamini kizito ndicho kinachotulia. Na kwa sababu uwanja wa ndani ni mfupi, nilitia baruti kidogo ya kuwaka upesi, isiyofika hata nusu ya ganda. Hapo pana hatari yake: ganda likibaki wazi nusu nzima, laweza kupokea baruti mara mbili na usione kitu.

Jumamosi moja ya baridi nilikuwa nimekaa najaza maganda ishirini. Simu ikalia. Mdogo wangu wa kike, kutoka Bukavu.

"Yaya," aliniita, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "beko mu quartier. Tuko chini ya kitanda na batoto."

Nikasikia milio ya bunduki nyuma ya sauti yake, wenye silaha walikuwa wameingia mtaani kwao, kisha laini ikakatika. Nikapiga, nikapiga tena. Kimya. Ningefanya nini, niambie? Nikarudi kwenye maganda, kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kushika. Nikayamaliza yote ishirini. Ukiniuliza leo baada ya simu nilianzia ganda la ngapi, siwezi kukuambia.

Kesho yake, bila habari yoyote ya mdogo wangu, nilikwenda uwanjani. Kukaa nyumbani nikiitazama simu kulinishinda. Palikuwa na Luc, msimamizi, nyuma ya kioo chake, na mwanamke mmoja kwenye nafasi ya mwisho kabisa, anapiga polepole. Nikavaa viziba masikio, vile vikubwa. Nikapiga tano zilizobaki za wiki iliyopita. Zikatawanyika kama kawaida. Nikazipanga zile ishirini mpya mbele yangu.

"Balle yako ni murefu sana."

Nikageuka. Mzee wa Kizungu alikuwa amesimama kushoto kwangu, shati la mikono mifupi la miraba ya kijani, mikono wazi katika baridi ile. Nilifikiri ni mwanachama ambaye sijamjua. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha Bukavu ya zamani.

"Angalia carton," akasema. "Tundu si ya duara, ni kama yai. Donc balle inalala mu njia. Canon yako inazungusha polepole, haiwezi kushika ya murefu. Tia ya mufupi."

Nikavuta karatasi, nikatazama. Kweli tupu: vichwa vyangu virefu vilikuwa vikifika kwa ubavu, mtutu hauvizungushi vya kutosha! Miezi yote ile nilikuwa nahesabu umbali kati ya matundu, sikuwahi kutazama umbo lake.

"Papa, mulijifunza Kiswahili wapi?"

"Kule," akasema.

Kisha akaanza kupitisha kidole juu ya risasi zangu, bila kuzigusa, kama mama anayechagua mayai sokoni.

"Hii. Na hii. Na hii hapa. Non."

"Ziko na nini?"

"Téléphone ililia."

Niamini. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya ile simu, hata mke wangu. Nilimficha nisimtie hofu. Mzee akainama karibu na sikio langu la kushoto.

"Usipige. Uko na bibi, uko na batoto."

Mwanamke wa mwisho akafyatua risasi, nikashtuka, nikatazama upande wake. Niliporudisha macho, mzee hayupo. Na kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua nyingi, mlango wenyewe mzito, unalia ukifunguliwa.

Nikazitenga zile tatu, nikafunga bunduki, nikamfuata Luc.

"Yule mzee ni nani?" nilimwuliza kwa Kifaransa.

"Mzee gani? Nyinyi mko wawili tu tangu saa nane." Akanionyesha daftari la sahihi. "Nimekuona unaongea. Nilidhani unasali."

Nikiwa kwenye gari ndipo liliponijia jambo moja. Wakati wote ule viziba masikio havikutoka kichwani mwangu. Ukivivaa hivyo, hata mtu akikupigia kelele unasikia kama yuko chini ya maji. Mzee alinong'ona, na nilisikia kila neno.

Nyumbani nikazivunja zote ishirini, moja moja, nikamwaga baruti kwenye mizani. Kumi na saba zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa na baruti mara mbili. Yoyote kati ya hizo ingepasua bunduki usoni mwangu, sentimita chache kutoka kwenye jicho.

Jioni ile mdogo wangu akapiga. Walikuwa wazima, wamejificha parokiani. Nililia mbele ya watoto, nikamweleza mke wangu yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ile vyombo ilikuwa ya bwana yake. Enda kwa ule maman wa Laeken."

Nikaenda. Nilimwambia moja kwa moja, kwa Kifaransa, nikitarajia anifukuze. Hakushangaa. Alisema mumewe alifundisha ufundi Bukavu ujanani. Kisha akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamweleza lile shati.

Akakaa kitini taratibu. "Nililichagua mimi," alisema. "Tulimzika mwezi wa saba, kulikuwa na joto kali. Sikufikiria majira ya baridi." Halafu akaniuliza mara mbili kama mumewe alikuwa anatetemeka. Nilimwambia hapana, na ni kweli, hakutetemeka.

Nilitia vichwa vifupi. Matundu sasa ni ya duara, matano yanafunikwa na kizibo cha chupa. Lakini sikio langu la kushoto halijasikia mlio wa bunduki tangu siku ile. Linasikia saa ya ukutani, linasikia mvua, linasikia mke wangu akinung'unika chumba cha pili. Mlio wa bunduki, hapana. Wala fataki za mwaka mpya. Daktari amelipima mara tatu, anasema ni zima kuliko la kulia.

Basi nakuonya wewe unayejitengenezea risasi. Simu iache ghorofani. Ukikatizwa, hata na mtoto anayeomba maji, mwaga zote uanze upya, na kabla ya kukandamiza vichwa pitisha taa juu ya kila ganda. Usitegemee kwamba yupo wa kukuhesabia. Na ikitokea sauti ikakuambia acha, ikapita kwenye viziba masikio kana kwamba hujavaa kitu, usigeuke kwanza kutazama ni nani. Toa kidole kwenye kifyatulio.