Kipande cha Piano cha Sławek

Jina lilikwisha kuchongwa. Sławomir Wrzosek, na miaka yake. Fundi wa mawe wa makaburi ya Bródno, hapa Warsaw, alilichonga chini ya jina la baba mtu, juu kidogo ya jina la Bi Bogumiła mwenyewe, ambalo lina mwaka wa kuzaliwa na nafasi tupu inayosubiri ule mwingine. Kitambaa cha lesi cha kuvika mkebe wa majivu alikishona Bi Bogumiła kwa mkono, yeye aliyewavika mabibi harusi wa nusu ya Warsaw kabla macho hayajamchoka. Kilichokosekana ni Sławomir mwenyewe, Sławek wa mamaye.

Alifia Galway, huko Ireland, alikokwenda vijana wenzake walipokwenda wote. Moyo ulisimama akiwa kazini ghalani, mwezi wa tatu, bila kuugua hata mafua. Mkewe Iwona alipiga simu akieleza kwamba mwili utachomwa, kwa kuwa kusafirisha jeneza ni mateso juu ya mateso. Neno lile "kuchomwa" lilimliza Bi Bogumiła kutwa, maana watu wa umri wake hulazwa ardhini kama walivyo. Jioni akakausha macho, akapiga yeye.

"Sawa, mwanangu. Majivu nakubali. Lakini yaje."

"Nitamleta, mama," alijibu Iwona.

Na kila Jumapili tangu siku ile, simuni, swali lilikuwa lile na jibu lile. Nitamleta.

Asiyejua atauliza haraka ya nini. Huyo hajaiona Sikukuu ya Watakatifu Wote ya kwetu, Novemba mosi, mji mzima unapobeba mishumaa na maua kwenda makaburini, na kila ukoo husimama mbele ya watu wake. Siku hiyo mama mwenye jina tupu jiweni hana wa kumwashia mshumaa. Atawasha, lakini atakuwa anamwashia jiwe. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao hawakusema kwa kubahatisha. Bi Bogumiła alitaka kitu kimoja tu duniani, mwanawe awe chini ya lile jiwe kabla ya Novemba mosi.

Iwona alifika siku mbili kabla ya sikukuu. Jirani wa ghorofa ya pili, Bi Genowefa, ambaye hakuna mgeni anayepanda ngazi zile bila yeye kufungua mlango, alimsubiri apite kisha akamfuata Bi Bogumiła jikoni.

"Mkamwana wako huyo kaja na kimkoba cha kwendea sokoni," alinong'ona. "Mume kamweka wapi, mfukoni?"

"Genowefa, nenda kaangalie supu yako isiungue."

"Sijapika supu."

"Basi nenda kapike."

Alimfukuza, lakini jicho lake nalo lilikuwa limekwisha kuupima mkoba. Mdogo. Ila mkebe nao, alijiambia, ni mdogo. Akaandaa supu ya kuku na tambi, akamtazama Iwona akiirudisha sahani nusu. Asingeuliza. Mgeni haulizwi habari ya mzigo kabla hajapumzika, na pia, tuseme kweli, alikuwa anaogopa.

Asubuhi Iwona akasema, "Mama, kabla ya mambo ya makaburini, nipeleke ile safari yenu ya Jumapili. Ya Chopin. Sławek alinisimulia mpaka naijua, lakini sijawahi kuitembea."

Bi Bogumiła alivaa koti. Ile safari hakuitembea tangu mtoto ahame.

Ilianza enzi za foleni, chakula kilipokuwa cha kupangiwa mstari madukani, baba yake Sławek alipofariki na Jumapili ikawa ndefu kuliko siku zote za wiki. Fedha ya sinema haikuwapo. Kutembea kulikuwa bure, na Chopin, yule mtunzi wa muziki wa piano aliyekulia mji huu, alikuwa bure, kumbukumbu zake zimejaa mtaa mzima wa Krakowskie Przedmieście. Basi mama na mwana walitoka misani wakamtafuta. Mtoto mwenyewe hakuwa na muziki hata chembe, aliimba kama mlango wa ghala. Alichopenda ni kusaka. Pale kwenye jumba Chopin alipopiga piano akiwa mtoto, palikuwa na kitasa. "Mama, alikishika hiki?" "Alikishika." Kwenye kanisa la masista alipopiga kinanda akiwa mwanafunzi, palikuwa na ngazi. "Alizikanyaga hizi?" "Alizikanyaga." Mji wenyewe ulipondwapondwa vitani ukajengwa upya tofali kwa tofali, na nusu ya vitu alivyogusa mtoto vilikuwa na umri wa mamaye. Bi Bogumiła alijua. Lakini mtoto wa miaka saba aliyezika baba, utamwambia hakuna kilichosalia?

Walipita sasa, yeye na Iwona, kwenye benchi jeusi la siku hizi, lenye kitufe cha kuchezesha muziki wa Chopin. Kijana mmoja mtalii alikibonyeza, piano ikalia kutoka chini ya makalio yake, wenzake wakacheka.

"Enzi zetu mabenchi yalikuwa ya kukalia tu," alisema Bi Bogumiła.

Iwona akatabasamu kidogo, kisha akaliacha tabasamu lianguke. Kadiri walivyokaribia kanisa la Msalaba Mtakatifu hatua zake zilizidi kuwa nzito, na Bi Bogumiła aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

Ndani ya kanisa kuna nguzo, na ndani ya nguzo umo moyo wa Chopin. Mwili ulibaki Paris alikofia. Moyo uliletwa na dada yake, ndani ya chupa, ukapita mipaka ya watawala wakali, umefichwa chini ya nguo zake, ndivyo wanavyosimulia. Katika safari nzima ya Jumapili hiki ndicho kilichokuwa kweli tupu. Hapa Bi Bogumiła hakuhitaji kumwongezea mtoto chumvi.

Wakakaa mbele ya nguzo. Watu walikuwa wamepiga magoti huku na huku.

"Dada mtu," alisema Bi Bogumiła kwa sauti ya chini, "kampitisha kwa askari. Bila ndege wala bila karatasi. Nami nikasema, basi na Sławek wangu atafika."

"Mama," alisema Iwona. "Sina."

"Huna nini?"

"Sławek. Sikumleta. Hayupo wa kuletwa." Alikuwa ameukumbatia mkoba wake. "Aliniambia zamani, tukiwa tumekaa ukingo wa bahari, nikifa msinizungushe kama kifurushi, nimwageni hapahapa. Alicheka alipokuwa anasema. Mimi sikucheka. Mwezi wa nne tulikwenda na rafiki zake tukamtia baharini. Majivu yote, mama. Sikubakisha."

Bi Bogumiła hakuelewa mara ya kwanza. Alielewa kwanza mwezi wa nne, akahesabu Jumapili zote zilizopita toka hapo, kila moja na lile jibu lake.

"Ulimmwaga," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Mwanangu. Kama maji ya kuoshea vyombo."

"Si hivyo, mama. Baba yangu alikuwa baharia wa bandari ya Gdynia, hakurudi. Kwetu bahari ndiyo kaburi. Nilidhani namtendea heshima."

"Heshima ya nani? Mimi nina jiwe lenye jina lake. Kesho nitasimama pale niliambie nini, jiwe? Na wewe kila Jumapili, nitamleta, nitamleta. Ulikuwa unanichezea?"

"Nilikuwa naogopa."

"Ungeogopa kabla hujamwaga."

Mwanamke mmoja mwenye rozari aligeuka akawanyamazisha kwa kidole. Ugomvi wa kunong'ona ni mchungu kuliko wa kelele, maana hauna pa kutokea. Wote ulibaki kifuani mwa Bi Bogumiła. Aliinuka, akapiga ishara ya msalaba vibaya, kwa mkono wa kushoto, akatoka. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kwenye bahari ambayo hata hajaiona.

Alitembea bila kutazama, miguu ikampeleka ilikozoea. Alipotulia alijikuta kwenye mawe ya barabara mbele ya jumba ambalo zamani askari wa Kirusi waliitupa piano ya Chopin kutoka dirishani, ikapasuka chini vipande vipande, wakaiwasha moto. Hapo ndipo safari yao ilipokuwa ikiishia. Sławek alikuwa akiinama, kitako juu, akichokoa nyufa za mawe kwa kijiti, akitafuta kibanzi kimoja ambacho askari hawakukiona. Jumapili baada ya Jumapili. Siku moja ya mvua alilia kwa kukosa, kilio ambacho hakikuwa cha piano.

Jumapili iliyofuata alikipata. Kibanzi cheusi chenye kung'aa, kirefu kama kidole. Alikitia ndani ya kasha la kiberiti akarudi nyumbani akikimbia.

Nyayo za Iwona zilisimama nyuma yake.

"Sikuja mikono mitupu, mama. Hiki alikuwa nacho mfukoni siku ile. Hospitali walinipa pamoja na funguo." Alifungua mkoba, akatoa kasha la kiberiti lililofungwa kwa utepe wa gundi juu ya utepe wa gundi.

Bi Bogumiła alilipokea, akaligeuza kiganjani.

"Ole wangu," alisema. "Mwana kaenda nacho mpaka huko. Iwona, hiki si kitu. Hiki ni ubao wa kreti la kabichi. Nilikikwangua jikoni nikakipaka rangi ya viatu, nikakidondosha hapa alipogeuka. Miaka yote hiyo kabeba uongo wangu mfukoni. Ndicho nilichobaki nacho cha kuzika, uongo wangu mwenyewe."

Iwona alitikisa kichwa.

"Alijua, mama."

"Alijua nini?"

"Alijua siku ileile. Alisema wewe mikono yako ilikuwa safi siku zote, kwa sababu ya magauni meupe ya harusi. Ila siku ile ulikuwa na weusi kwenye kucha." Iwona alifuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi nilimuuliza, sasa mbona unakibeba kama hirizi, na unajua si cha piano? Akaniambia, cha piano ningekuwa nimeshakipoteza."

Hapo ndipo Bi Bogumiła alipolia, wazi, katikati ya watu. Watalii wakapisha pembeni. Iwona alimshika kiwiko kwa woga, naye hakuutoa mkono ule. Kumsamehe hakumsamehe, hilo lisisemwe. Alikuwa hana nguvu ya kusimama peke yake tu.

Novemba mosi Bródno ilijaa watu na moshi wa mishumaa. Langoni wanawake waliuza peremende laini za rangi ya waridi na nyeupe, za sikukuu hiyo, na Bi Bogumiła alinunua moja kwa mazoea ya kumnunulia mtoto, kisha hakujua ampe nani, akampa Iwona. Kaburini alipiga magoti na kijiko cha jikoni, akachimba chini ya jina. Kasha la kiberiti alilifunga ndani ya kitambaa cha lesi kilichoshonewa mkebe. Kitambaa kilikuwa kikubwa mno, ikabidi akizungushe mara nyingi. Kabla hajakishusha alikiweka sikioni akakitikisa. Kibanzi kikagonga kidogo ndani. Akakishusha, akafukia, akasawazisha udongo kwa kiganja mpaka kucha zikawa nyeusi.

Bi Genowefa alifika na maua yake, anatweta, macho yake kwenye ule udongo mbichi.

"Mmemweka?"

Iwona akainamisha kichwa.

"Tumemweka," alisema Bi Bogumiła. "Kaletwa na mkewe."

Bi Genowefa alifanya ishara ya msalaba. Kisha, kwa kuwa hajui kunyamaza, akauliza taratibu, "Mimi sijawahi kushika majivu ya mtu, Bogumiła. Ni mazito?"

Bi Bogumiła aliitazama mikono yake.

"Mazito," alisema. "Karibu yanishinde."