Mfagizi wa jengo lisilojulikana ni la nani

Saa moja asubuhi, Ursula Nyamburi anapanda ngazi za jengo la ghorofa mtaani Kigera, mjini Musoma, ufagio mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili. Hafagii bado. Kwanza anapita akitazama kilichoongezeka tangu jana.

Kwenye kona ya kwanza ya ngazi kuna magunia mawili ya dagaa na baiskeli isiyo na tairi la mbele. Kona ya pili kuna tenga la kuku. Juu kabisa, magunia matatu ya mkaa yameegemezwa ukutani, na moja limetoboka. Ursula anaokota vipande vya mkaa kimoja kimoja na kuvirudisha guniani. Kisha anasimama mbele ya mlango wa mwenye mkaa, anainua mkono kama anayetaka kubisha hodi. Anaushusha.

"Huyu siwezi kumwambia kitu," anasema kwa sauti ya chini. "Wengine wote nawaambiaga, tunagombana, tunapatana. Huyu hapana."

Ursula, mwenye umri wa miaka 48, mzaliwa wa Mugango, amelifagia jengo hili tangu mwaka 1979, miaka kumi na mitano sasa. Wapangaji wanamwita Mama Nyamhanga, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ukimuuliza ameajiriwa na nani, anacheka kidogo, halafu anatazama pembeni.

"Swali hilo niliulizwa mbele ya baraza la kata. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina."

Jengo lina kaya kumi na mbili. Lilijengwa na shirika la umma kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake. Ursula alianza kwa mshahara wa shilingi 380 kwa mwezi, na kazi yake ilikuwa nyepesi kuielewa: kufagia, kupiga deki, na kuhakikisha hakuna kitu kinachokaa kwenye ngazi wala ukumbini. Msimamizi wa nyumba za shirika, Thadeo Makongoro, alipita kila Jumamosi kukagua.

"Hata kandambili ukiiacha nje ya mlango, alikuwa anaichukua," anakumbuka Ursula. "Unaifuata ofisini kwake, unapewa na maneno juu."

Anasema ni mara moja tu katika miaka hiyo alipokuta ngazi zimejaa. Ilikuwa mwaka 1983, siku za msako wa walanguzi, aliyekutwa na bidhaa nyingi nyumbani alikamatwa. Asubuhi moja alikuta katoni za sabuni na madebe ya mafuta ya kula yamepangwa kuanzia juu hadi chini. Aligonga milango yote kumi na miwili.

"Kila mtu anasema si vyangu. Dukani sabuni hakuna, miezi imepita, na mimi nimezungukwa na sabuni isiyo na mwenyewe. Niliogopa hata kunawa mikono."

Migambo walikuja wakavibeba, na jengo likarudi kuwa safi.

Mwaka 1992 shirika lilifilisiwa. Wafanyakazi walipewa barua za kuachishwa, mmoja baada ya mwingine. Ursula alisubiri yake. Haikuja. Mshahara nao haukuja.

"Nikasema, kama sijaachishwa, basi niko kazini. Nikachukua ufagio."

Wapangaji waliambiwa waendelee kukaa hadi mfilisi atakapofika kutoka Dar es Salaam. Walikubaliana kumpa Ursula shilingi mia tano kila kaya kwa mwezi. Mwezi uliopita kaya saba zilitoa. Moja ilimpa kisado cha dagaa.

Watu waliozoea king'ora cha kiwanda sasa walitakiwa kujitafutia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu akajaribu lake. Jenoveva, aliyekuwa karani, akaanza kununua dagaa kwa wavuvi mwaloni. Mwingine akafuga kuku, mwingine akaleta marobota ya mitumba. Vyumba ni vidogo, na mali ikaanza kutoka nje ya milango. Ursula alipowaambia watoe vitu njiani, walimuuliza kwa amri ya nani.

"Hapo ndipo kichwa kilianza kunizunguka," anasema. "Zamani vitu havikuwa na mwenyewe. Sasa kila kitu kina wenyewe wawili, watatu."

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kabati la mbao la ofisini, refu kuliko mtu, lililotokea kwenye kona ya pili mwaka 1993. Lilikuwa na kufuli tatu. Mzee Clementi Masatu, mtunza stoo wa zamani, alisema kabati ni la shirika, yeye ameweka kufuli moja kulilinda tu. Jenoveva alisema ndani mna vitu vyake. Kufuli ya tatu hakuna aliyeikubali. Ursula alipotaka lisogezwe, Clementi alimwambia mali ya shirika haiguswi hadi mfilisi aione.

Kisha ikafika Jumanne moja ya Machi 1994.

Marcelina Gati, mkazi wa ghorofa ya juu, alikuwa na uchungu wa mtoto wake wa pili tangu jioni ya jana yake. Saa nne asubuhi mkunga aliyeitwa alitoka chumbani na kusema mama apelekwe hospitali sasa hivi, tena amelala, asitembee. Mume wake, Silasi, na majirani wawili walimbeba kwenye godoro. Pikapu ilikuwa inangoja chini.

Walipofika kona ya pili walikwama. Kabati lilikuwa limeacha upenyo wa mtu mmoja kupita kwa ubavu. Godoro halikuweza kukata kona. Wakajaribu kulinyanyua juu, likagonga dari. Wakarudi nyuma ngazi tatu, wakajaribu tena.

"Wakaanza kubishana," anasema Ursula. "Marcelina yuko pale kwenye godoro, ameng'ata kanga, watu wanabishana. Jenoveva anasema msilivunje, lina mali yangu, ngojeni niilete funguo. Akapanda kutafuta funguo. Mzee Clementi anasema likianguka mtajibu kwa mfilisi."

"Nikamwambia, mzee, nitajibu mimi."

Silasi aliwaachia wenzake godoro. Yeye na Ursula wakalikumbatia kabati, wakaliegemeza juu ya ukuta mfupi wa ngazi na kulisukuma. Lilianguka uani na kupasuka. Godoro likapita.

Marcelina alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa hospitali na hakulia. Alizikwa siku ya pili yake.

Ursula hajui walikaa pale kwenye kona kwa muda gani. Wengine walimwambia dakika tano. Silasi anasema ni robo saa.

"Sikumuuliza daktari kama robo saa ile ndiyo iliyomuua," anasema. "Niliogopa aseme ndiyo. Halafu nikaona, hata akisema hapana, nitaamini? Kabati lile nililipita mwaka mzima. Nililifuta vumbi kila asubuhi. Kwa nini sikulisukuma siku nyingine?"

Wiki mbili baadaye baadhi ya wapangaji walimlalamikia, akaitwa mbele ya baraza la kata kwa kuharibu mali. Ursula anasema yeye mwenyewe aliokota vilivyotoka kabatini: magazeti ya zamani, pasi mbovu ya mkaa na nusu gunia la mahindi yaliyoliwa na panya. Lakini barazani zilitajwa cherehani, redio na majora mawili ya kitambaa.

"Nikajiuliza, au mimi ndiye sikuona vizuri? Nilirudi uani nikatafuta tena kwenye majani. Nilitafutaga cherehani ya watu, mimi mwenyewe, kwa mikono."

Mwenyekiti wa baraza alimuuliza aliajiriwa na nani. Kama ni shirika, basi mfilisi ndiye ajibu. Kama ni wapangaji, basi walalamikaji wanajishtaki wenyewe. Ursula aliomba muda akaulize.

Alipanda basi hadi Bunda, akamtafuta Thadeo Makongoro, msimamizi wa zamani, ambaye sasa anaishi Nyasura na kulima nyanya. Alimkuta shambani.

"Akaniambia, Mama Nyamhanga, mimi nimeachishwa. Lakini wewe sikukuachisha. Nikamuuliza, sasa mimi ni wa nani? Akafikiri sana. Akanipa nyanya."

Baraza liliahirisha shauri mara tatu, na mwishowe likaandika kwamba litasikilizwa itakapojulikana jengo ni la nani. Kabla hawajatoka, mwenyekiti alimwomba Ursula aendelee kufagia. Barua nne ambazo Ursula amemwandikia mfilisi hazijajibiwa.

Miezi mitatu baada ya msiba, magunia ya mkaa yalionekana mlangoni kwa Marcelina.

Mwandishi wa makala haya alimkuta Marcelina akipima mkaa kwa kopo. Ni mwanamke mrefu, msemaji taratibu. Hakukasirika alipoulizwa.

"Najua kule kwenye ngazi kulitokea nini, mimi ndiye nilikuwa kwenye godoro," alisema. "Lakini Silasi hana kazi, ndani tuna chumba kimoja na mama mkwe. Niuweke wapi? Nikisikia Mama Nyamhanga anafagia mlangoni, nanyamaza, namngoja aseme. Akisema, nitauondoa siku hiyo hiyo. Hasemi."

Ursula alipoelezwa maneno hayo aliacha kufagia, akaegemea mpini wa ufagio.

"Kumbe ananingoja mimi," alisema. "Na mimi nilikuwa namngoja yeye."

Jioni ile ile alipanda juu na kubisha hodi. Walizungumza nini, hakuna kati yao aliyetaka kusema. Kesho yake magunia ya mkaa yalishushwa uani na kufunikwa turubai.

Sasa Ursula anachimba msingi nyuma ya jengo. Anataka kujenga banda la mawe na mabati lenye vyumba kumi na viwili, kila kaya na chake, kila mlango na kufuli yake. Silasi anavunja mawe, Jenoveva ameahidi bati sita. Mzee Clementi anasema hawezi kuchangia kitu kwenye kiwanja cha shirika, ingawa Jumapili alionekana akipima chumba cha pembeni kwa hatua.

Kibali hana. Ofisi ya kata ilimwambia haiwezi kuruhusu, na haiwezi kukataza, kwa kuwa haijui kiwanja ni cha nani. Jirani mmoja amemwonya kwamba siku moja atakuja mtu na karatasi, alibomoe banda lote.

Ursula anapangusa udongo kwenye jembe.

"Aje," anasema. "Atakayekuja kunizuia ndiye mwenye jengo. Mwaka wa tatu namtafuta. Nitamkaribisha kiti, nimuulize kama mimi ni mfanyakazi wake."