Shokola ya Wakwe

Nilikuwa nimerudi nyumbani Masisi baada ya miaka miwili kwa masera, watawa wa Kizungu, katika shule ya wasichana ambako tulifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika vyakula vya Kizungu. Ilikuwa miaka ya sitini. Uhuru ulikwisha kuingia, na wazungu wengi wa mashamba walikuwa wameondoka, lakini masera wachache walibaki. Mmoja wao, siku ya kuagana, alinipa zawadi: kipande kikubwa cha shokola, ile chokoleti nyeusi ya kupikia, na karto, boksi la karatasi ngumu, iliyobaki nusu ya vipande vya mahindi, vikavu na vyepesi kama maganda ya kitunguu. Alisema kwao Ulaya watu hula vipande vile asubuhi kwa maziwa baridi, lakini ukivichanganya na shokola vinakuwa vitamu vya sikukuu. Niliandika yote katika kaye, daftari langu la mapishi. Hata hivyo sikuelewa. Chakula kilekile kinawezaje kuwa cha asubuhi na cha sikukuu? Nilimuuliza, akacheka tu.

Kabla sijamaliza mwezi nyumbani, habari ikaja kwamba mwalimu mmoja kijana wa Walikale, aliyeniona kwenye misa ya Pasaka, anamtuma mama yake pamoja na mjomba wake waje kunitazama. Mimi nilikuwa nimezungumza naye mara moja tu, habari za mvua. Sikujua kama nampenda. Sikujua hata kama natakiwa kujua.

Mama alitaka kuchinja kuku, apike bugali na sombe ya majani ya muhogo, mambo yaishe. Papa akakataa.

"Kuku kila muntu anapika," alisema. "Huyu mutoto alisoma kwa masera. Wageni baone kile alisoma."

"Na bakikataa?"

"Batakataa aje kitu hawajaonja?"

Walibishana siku mbili. Mwishowe walikubaliana kuku apikwe, lakini shokola itangulie.

Asubuhi ya wageni niliweka sufuria ya maji juu ya moto wa makala, na bakuli la shokola juu ya sufuria, kama kaye ilivyosema. Shokola ikayeyuka vizuri, iking'aa. Nikalifunika bakuli majivu yasiingie, na nilipofunua, matone ya maji yakaanguka kutoka kwenye kifuniko. Palepale ile shokola ikajikunja, ikawa nzito na chembechembe kama udongo wa shamba. Nilisoma kaye tena, mbele na nyuma. Hakuna neno. Maji yanalainisha unga, yanalainisha hata ngozi ya ng'ombe. Yanawezaje kukausha shokola?

Mama alikuja akachungulia. "Tia siagi," alisema, kwa sababu yeye kila kitu kilichomshinda alikitia siagi, ile tuliyonunua kwa jirani zetu wafugaji. Nikatia siagi, nikaongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko, nikikoroga mpaka mkono ukauma. Ikalainika. Lakini haikuwa tena shokola ya masera. Ilinuka zizi kidogo. Nikamwaga vile vipande vya mahindi ndani, nikachanganya, nikachota madonge madogo na kuyapanga juu ya jani la mgomba. Baridi ya Masisi ikayagandisha kabla ya saa sita. Nilipoyatazama yamejipanga pale, meusi, nikaona aibu: yalifanana na mavi ya mbuzi. Mama naye aliona. Akayanyunyizia sukari juu.

Wageni walifika wamechoka, wametembea siku mbili. Mjomba alikula madonge matatu upesi upesi, akaomba maji. Yule mama alitia moja mdomoni, taya zake zikasimama. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Binti, hii njo chakula ao njo dawa?"

"Chakula, Mama. Ya asubui."

Alitazama nje, jua likiwa juu ya kichwa.

"Ao ya sikukuu," niliongeza haraka.

"Leo iko sikukuu gani?"

Papa alikohoa. Yule mama akafungua pembe ya kikwembe, kitenge chake cha buluu alichojifunga, akaweka madonge manne ndani, akafunga fundo.

"Basi nitakula asubui, kwangu," alisema.

Kisha alikula kuku vizuri, akaongea habari za njia na za ndizi zao. Habari zangu, hata neno moja. Waliaga, wakaenda.

Zikapita wiki tatu bila ujumbe. Papa alisema kosa ni siagi. Mama alisema kosa ni Papa. Mimi sikujua kama ninangoja nikubaliwe au ninangoja nikataliwe. Siku nyingine nilitaka hili, siku nyingine lile. Halafu mwalimu mwenyewe akafika, akasimama katikati ya nyumba kama mwanafunzi anayetoa somo alilolishika kwa moyo.

"Mama anasema hivi: ile kitu iliyeyuka njiani, tulipoanza kushuka kwenye joto ya Walikale. Kikwembe yake ya buluu ilichafuka, sabuni imeshindwa. Anasema mwenye kuweka doa aje aliondoshe yeye mwenyewe."

"Njo matusi?" Papa aliuliza.

"Hapana," Mama alisema. "Anamwita."

"Anamwita kufua ao kuolewa?"

Wote wakamgeukia kijana. Jasho lilimtoka. "Hakunieleza, Papa. Nilimuuliza, akaniambia niseme vile tu."

Papa akanigeukia mimi. "Na wewe, unasema nini?"

"Nitaenda kufua," nilisema, kabla sijajua ninachosema. Mama akapiga kigelegele, akakikatiza katikati, akamtazama Papa.

Mazungumzo ya wazee yalifuata, na mbuzi wa mahari, na misa ya ndoa. Nilipofika Walikale, mama mkwe alinikabidhi kikwembe kabla sijaketi. Nilikisugua mtoni kwa majivu na sabuni hadi vidole vikachubuka. Doa lilipungua, halikutoka. Aliligeuza huku na huku.

"Acha," alisema. "Itabaki."

Nilimuuliza mume wangu kama mama yake alikuwa amenipenda tangu siku ile, au alikuwa amekasirika.

"Hata mimi nilijiuliza njia nzima mpaka kwenu," alisema.

Niliishi na mama yule miaka mingi, tukalima pamoja muhogo na maharagwe, akanipokelea watoto wangu wote. Sikuthubutu kumuuliza. Kikwembe cha buluu alikivaa Jumapili kwenda kanisani, doa akiliweka mbele.