Kuku wa Homoni

Enzi zile za ruksa kila mwenye chumba cha mbele alifungua duka, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alijiona bingwa pale Mikumi kwa kuwa duka lake lilikuwa na simu ya kulipia. Ndiyo maana majibu ya damu yangu yaliwafikia wanunuzi wa sukari kabla hayajanifikia mimi.

Damu ilitolewa kwenye zahanati ya binafsi Kilosa, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa homoni. Nilikuwa nimevuka arobaini, niliolewa kwa kuchelewa, na nilitaka mtoto kiasi kwamba siku za kupima watoto uzito nilizunguka njia ya mbali nisiwaone. Daktari alisema sindano za kukuza mayai siku hizi zinapatikana, ila asingenidunga kabla ya kuona majibu.

Maabara wakapiga dukani. Shemeji akasikiliza, akauliza tena, kisha akatoka nje na kunitangazia nikiwa bado ng'ambo ya barabara, "Shemeji, homoni zako ziko juu! Juu sana!"

Watu wakapiga makofi. Nami mwalimu, niliyesahihisha mitihani miaka na miaka, ningejuaje? Alama kubwa ni alama kubwa. Nikapokea mikono ya pongezi. Fundi baiskeli akasema alijua tu, ukinitazama unaona mtu mwenye homoni. Mume wangu alitembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba alizichangia. Habari ikapanda hadi Vidunda kwa mama mkwe, naye akateremka mlima na kuku kwapani.

Siku ya miadi nilivaa gauni la Pasaka, nikaenda Kilosa kuanza sindano. Nikamwambia daktari kwamba nyumbani kuku anachinjwa. Akavua miwani.

"Mwalimu, nani amekupongeza?"

"Mikumi nzima."

Akanieleza polepole. Homoni ile hutoka kichwani kwenda kuyaamsha mayai. Kwa msichana mayai ni mengi, yakinong'onezwa tu yanaamka. Umri ukienda yanapungua, na kichwa kinazidi kupaza sauti. Changu, alisema, kinapiga kelele. Sindano nazo zingekuwa kelele za kuongezea tu. Kwa umri wangu na kiwango kile, uwezekano wa kupata mtoto ulikuwa mdogo mno, na hakutaka kunidanganya.

Nilimchukia daktari, nikamchukia shemeji na simu yake, nikalichukia na gauni.

Nyumbani wote walikuwa wameketi, kuku mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekudunga?"

"Hawajanidunga, mama. Homoni zikiwa juu ndiyo nimefeli. Mayai yamekwisha. Sitazaa."

Shemeji akauliza kama haziwezi kuteremshwa kidogo. Mume wangu akamwambia anyamaze, na sauti ikamkatika katikati.

Mama mkwe alichukua upawa, akachokora sufuria mpaka akaipata firigisi. Kwao firigisi ni ya mwanamume. Yeye mwenyewe, pamoja na watoto wote aliowazaa, hakuwahi kuionja. Akaipitisha juu ya sahani ya mwanawe, akaiweka kwenye yangu.

"Kula," alisema. "Kuku alikuwa wako tangu mwanzo."

Nikala huku nalia, na mume wangu akatafuna shingo.