Jina Nililoliacha Unyagoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala, nikiwa na akili zangu timamu, saa nane mchana, jua linawaka. Sikuwa na homa. Wala njaa, nilikuwa nimetoka kula wali na maharage.

Miaka mitatu iliyopita nilimaliza kuandika riwaya. Niliiandika kwenye madaftari ya wanafunzi yaliyobakiza kurasa, nikaipeleka kuchapwa kwenye duka la kompyuta, nikaituma kwa wachapishaji Dar es Salaam. Wana masharti yao: kila ukurasa uwe na jina la mwandishi juu, na usipige simu kuulizia, watakujibu kwa barua. Sanduku langu la posta liko Masasi, tangu nilipokuwa nafundisha shule ya Mkomaindo huko huko, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nikawa nateremka kwenda kulifungua. Mwezi wa kwanza nikatoka kapa. Wa tano, kapa. Mume wangu akawa ananitania, "Mama Swaumu, leo tena unaenda kulisalimia sanduku?" Nilicheka naye, lakini niamini, kila nilipoingiza ule ufunguo moyo ulinienda mbio kama binti anayesubiri posa. Sikukata tamaa hata siku moja. Hilo najisifia.

Kosa langu lilikuwa jina. Sikutaka walimu wenzangu wajue kwamba naandika, wangenitania mpaka nistaafu. Nikatafuta jina la kujifichia. Sasa kama hujui mambo ya huku kwetu, msichana akitoka unyagoni hupewa jina jipya, na lile la utoto huachwa kule kule. Hakuna anayekuita nalo tena. Mtu akikuita nalo amekutukana, na wazee watamtoza kuku. Mimi nikajiona mjanja. Nikasema lile jina lipo bure, halina mwenyewe. Nikaliweka juu ya kila ukurasa. Hapa silitaji, na usiniulize.

Mwezi wa kumi na nne nikakuta sanduku tupu kama kawaida. Nikaenda dirishani kuulizia kama kuna barua ya rejista. Karani, mzee tunayefahamiana, akanikodolea macho.

"Mwalimu, si umetoka kuichukua sasa hivi? Hata wino haujakauka."

Akanigeuzia daftari. Jina langu la utoto, kwa mwandiko wangu, na ile herufi ya mwisho ninavyouvuta mkia wake. Nikamuuliza huyo aliyechukua ameelekea wapi.

"Nani, wewe?" akasema. "Umeelekea njia ya hospitali."

Nilitoka mbio, mkoba unanipiga ubavuni. Nilimkuta karibu na hospitali, ameketi kwenye benchi nje ya duka lililofungwa, amenipa mgongo, anasoma. Akageuka kabla sijafungua mdomo. Jamani! Umewahi kujiona bila kioo? Alikuwa mimi, umri wangu, sura yangu. Kidevuni ana kovu nililolipata nikiwa na miaka minane, nilipoanguka kutoka kwenye mkorosho. Lakini mkono wa kulia, mahali ambapo mimi nina alama kubwa ya mafuta ya maandazi yaliyoniunguza nikiwa chuo cha ualimu, wake ulikuwa laini kabisa. Ya kabla ya unyago alikuwa nayo yote. Ya baada yake, hata moja.

Mtu mwingine angepiga kelele. Unajua mimi nilifanya nini? Nilimuuliza, "Wanasemaje?"

Naona aibu mpaka leo, lakini miezi kumi na minne si mchezo.

"Wamekubali," akanijibu kwa Kimakonde, kile cha nyumbani tulichokuwa tukiongea utotoni. "Wamekipenda sana. Wanataka niende nikasaini."

"Kitabu ni changu," nikasema.

"Limeandikwa jina la nani?" Hakuwa na hasira, na ndicho kilichonitisha. "Mliniacha mle ndani, mkatoka mnaimba, mna khanga mpya. Nimekaa miaka yote nasubiri mtu aniite. Wewe mwaka mmoja tu umekushinda?"

Akaikunja barua, akainuka, akachanganyika na watu waliokuwa wanawapelekea wagonjwa chakula. Nao walimpisha. Kwa hiyo walimwona, sivyo?

Siku ile ile nilikwenda kwa somo wangu, bibi aliyenifunda unyagoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu. Akaniuliza jina lile nililiandika mara ngapi. Nikamwambia kurasa zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Akajishika kichwa.

"Mwanangu, ungemwita mara moja tu angeitika. Wewe umemwita mara mia mbili!"

Nikamuuliza nifanyeje arudi. Akasema hajui, katika maisha yake yote hajaona mwendawazimu aliyewahi kufanya jambo la namna hiyo.

Baada ya wiki mbili nikavunja sharti, nikapiga simu Dar kuulizia riwaya yangu. Dada aliyepokea alicheka. "Si ulikuwa hapa Jumatatu, Mama? Umesaini mkataba, ukasahau hata mwavuli wako." Jumatatu nilikuwa darasa la nne nafundisha kugawanya. Nilikata simu bila kuaga.

Kitabu kimetoka. Kimefika mpaka Newala, nimekinunua na kukisoma. Maneno ni yangu, neno kwa neno, mpaka sura ya mwisho. Hiyo sikuiandika mimi. Inamhusu msichana aliyebaki kwenye nyumba ya unyago baada ya wenzake kutoka, anasikiliza nyimbo zao zinavyopungua njiani. Swaumu, binti yangu, ndiye pekee niliyekuwa nikimsomea mswada wangu. Alikisoma, akalia. "Mama," akasema, "mwisho huu ni mzuri kuliko ule wako." Na mimi nililia, ila si kwa sababu moja na yake.

Nimeandika kingine. Safari hii nimeweka jina ambalo mwalimu mkuu ananiita nalo kila asubuhi, na nimekituma. Huu ni mwezi wa sita. Nateremka Masasi kama zamani na natumaini kama zamani, maana sijui kuishi vingine. Lakini nikifika dirishani siulizii barua kwanza. Namuuliza karani kama leo nimeshafika.

Basi wewe unayetaka kuwa mwandishi, ukifika kwenye ile nafasi ya jina, weka lile unaloitika ukiitwa kula. Kuna wenzako wanaosubiri kuitwa kwa muda mrefu kuliko wewe, na hao hawachoki.