Shokapu za Baba

Kazi yangu hapa Tunduma ni uwakala wa forodha, maana yake siku nzima nawagombeza madereva wa malori kwa kufika mpakani bila kuuliza kwanza karatasi gani inatakiwa. Nina sauti maalumu ya kazi hiyo. "Ungeuliza," nawaambia, nikiwatazama juu ya miwani. Naitaja sauti hiyo mapema ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani nilipolipeleka gari la marehemu baba kutengenezwa.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la michezo, milango miwili, fupi kiasi kwamba kwenye foleni ya malori huoni kitu ila tairi za watu na matope yao. Baba alikuwa karani wa ushirika wa kahawa kule Mbozi. Alilinunua kwa Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba ni karani. Akawa yule mwenye gari lile. Alikuwa mnene, na kuingia kwake kwenye kiti ilikuwa shughuli ya mtaa mzima. Kila Jumamosi ya kabla ya Krismasi alilifanyia gari huduma. Sisi watoto tulifukuzwa kwenda mazoezi ya kwaya, na tukirudi tulimkuta amesimama mbele ya nyumba akiwaeleza majirani alivyolishughulikia, huku mama akitokea upande wa gari akijikung'uta vumbi kwenye kitenge. Mama anasafisha ndani, tuliambiwa, na tuliamini.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Gari likaja kwangu kwa sababu kaka yangu ni mrefu na alisema hana mpango wa kuendesha akiwa amekunjwa. Haukupita muda likaanza kudunda. Tuta moja la pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, lilitosha kulichezesha mpaka tuta linalofuata, linapanda, linashuka, linapanda tena, na wewe ndani unatikisa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Nilisema ni uzee tu, nikazoea.

Mwaka huu familia tulimalizia kulijengea kaburi la baba kijijini, mbele kidogo ya Mlowo, na mchungaji akapanga siku ya ibada. Mama, ambaye anaishi na mimi, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja, asirushwerushwe. Kaka, aliyeko Mbeya, akaandika kwenye kundi la familia kwamba atakuja kumchukua na gari lake kubwa jeupe. Nikamsomea mama ule ujumbe.

"Mwambie ahsante," mama akasema. "Kaburini kwa baba yenu nitakwenda na gari la baba yenu, au nitabaki hapa niwaombee."

Mama akishasema hivyo hakuna rufaa. Kaka akanipigia.

"Mdogo wangu, lile gari linadunda. Mama si gunia la mahindi."

"Nitalitengeneza, kaka."

"Utengeneze kweli. Mama asipokuwepo pale siku hiyo, itakuwa juu yako."

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa pale Mpemba, hodari, ambaye maisha yake yote ametengeneza malori. Alilala chini ya gari la baba muda mrefu, miguu yake ikiwa imechomoza nje, kisha akatoka na habari.

"Mzee, gari hili halina shokapu."

"Halina?"

"Halina. Shokapu ni bomba. Inasimama hivi, inaingia na kutoka. Huku nyuma hakuna bomba hata moja."

Akaniita niiname. Nikaona vyuma viwili vizito, kimoja kila upande, kila kimoja na mkono wake mfupi uliounganishwa na ekseli. Nikauliza ni vya nini. Fundi akafikiri, na namheshimu kwa kufikiri kwake, maana alileta jibu lililokamilika. Gari hili ni jepesi, akasema, na Waingereza walijua litapeperuka likikimbia, kwa hiyo wakalitia uzito nyuma.

"Ndiyo zao, Waingereza," nikasema, kwa sauti ileile ya kazini.

Madereva wawili waliokuwa wanasubiri tela lao nao wakakubali. Tukawa watu wanne tunaolifahamu gari hili vizuri.

Kutafuta shokapu kulinivusha mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Muuza vipuri wa kwanza aliitazama picha kwenye simu yangu, akairudisha kwa adabu. "Awe, mudala, tapali," akasema, hakuna kitu hapa mzee wangu, gari la hivyo aliwahi kuliona kwenye kalenda. Wa tatu alikuwa na jozi ya shokapu za pikapu, mpya, nene kama mchi. Nikazibeba mpaka Mpemba kifua mbele. Fundi akang'oa vile vyuma vya nyuma, akachomelea vishikio kwenye chasisi, akafunga mabomba yake. Vyuma kama hivyo vya mbele alivikuta vimeshikana na mkono wa tairi, vikamshinda, akaviacha. Alipomaliza akapanda juu ya bampa ya nyuma kwa miguu yote miwili akaruka mara tatu. Gari halikusogea hata kidogo.

"Umeona, mzee? Halitikisiki."

Wale madereva wakapiga makofi. Nilisikia furaha ya kweli, nisifiche. Nililiona gari la baba limesimama pale gumu kama tela, nikajua mama atafika kaburini, na nikatunga kabisa maneno ya kumwandikia kaka.

Jumapili iliyofuata nikampakia mama kwa majaribio, kutoka nyumbani hadi kanisani, safari fupi. Kwenye shimo la kwanza kile kidroo cha mbele kilifunguka chenyewe. Kwenye tuta la kwanza niliuma ulimi. Gari halikuwa linadunda tena, ni kweli. Sasa lilikuwa linapiga, na kila jiwe la barabarani lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Mama alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na nyonga kwa mkono mwingine. Tuta la pili akasema, "Simama."

Nikasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa maumivu, na mimi nikaogopa.

"Umelifanyia nini?"

"Nimeliwekea shokapu, mama."

"Lilikuwa nazo."

Nikaanza kumweleza, taratibu, kwa upole anaostahili mama mgonjwa, kuhusu mabomba, na uzito, na Waingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza vile vyuma viko wapi.

Nilivifuata kesho yake asubuhi. Kimoja kilikuwa kimeegemezwa kwenye geti la gereji lisijifunge. Cha pili alikuwa nacho mama lishe wa jirani, amekifungia kamba ya turubai lake, na hakutaka kukitoa mpaka nimpatie jiwe la kufaa. Nikahangaika pembeni ya barabara nikiinua mawe na kuyapima, nimevaa shati la kazini, madereva ninaowagombeza kila siku wakipita na kunisalimia. Jiwe la tatu ndilo lililomridhisha.

Mama alinisubiri barazani, ameketi kwenye kiti chake cha kuegemea, gazeti la zamani limetandikwa kwenye kigoda mbele yake. Pembeni alikuwa na spana ndogo na chupa ya mafuta ya jeki. Chupa ile nimeiona maisha yangu yote kwenye kabati la vyombo, nyuma ya mafuta ya alizeti, na sikuwahi kujiuliza inafanya nini humo.

Akakiweka chuma cha kwanza juu ya kigoda, akapangusa matope, akafungua kizibo kilichokuwa juu yake. Akachungulia. Akanionyesha na mimi nichungulie. Ndani kulikuwa kukavu.

"Shokapu hii inakula mafuta kidogo kidogo," akasema. "Usipoijaza kila mwaka, inadunda."

Akamimina polepole, huku akiuinua na kuushusha ule mkono. Mwanzoni mkono ulikuwa unaanguka wenyewe. Akamimina tena, akaupandisha tena, viputo vikatoka, na kadiri alivyoendelea ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mzito, unashuka taratibu kwa hiari yake. Akanipa nijaribu. Ilikuwa kama kumshika mkono mtu mzima anayekuacha umwongoze.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Yule Mzungu alimwonyesha baba yako. Za nyuma zinajazwa kwa ndani, nyuma ya viti, chini ya zulia, kuna vitundu viwili vyenye vifuniko vya mpira. Tumbo la baba yako halikupita hapo. Mimi nilikuwa mdogo, nikapita."

"Kila Krismasi?"

"Kila Krismasi. Yeye alinishikia chupa."

Nikawaza majirani wale wote waliosimama mbele ya nyumba, na baba amejaa katikati yao, na mama anakung'uta kitenge.

"Kwa nini hakusema ni wewe?"

"Alipenda kuulizwa habari za gari lake," mama akasema. "Ningemnyima?"

"Na mimi je? Mwezi mzima nahangaika, hukuniambia."

"Ulikuwa unaongea na mafundi."

Akafunga kizibo, akavuta chuma cha pili. Mimi nikashika chupa.

Fundi alikata vishikio vyake bila kinyongo na kuvirudisha vyuma mahali pake, ingawa mpaka leo anashikilia kwamba ni uzito. Za mbele nilizijaza mimi, mama akinielekeza kutoka kwenye kiti chake. Siku ya ibada tuliondoka alfajiri. Matuta yale yale, malori yale yale. Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Mpaka Mlowo mama hakushika nyonga hata mara moja, na mbele ya Mlowo alisinzia. Kaka alitukuta tumeshafika kabla yake. Akalizunguka gari, akalibonyeza kwa kiganja, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake.

Mchungaji alizungumza vizuri. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kutunza vitu, kwamba gari lile lililosimama pale alilitunza kwa mikono yake mwenyewe, na leo mwanawe amelitengeneza kwa mikono yake ili mama afike. Akaniomba nisimame. Nikasimama. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama alikuwa mstari wa mbele, mikono ameificha chini ya khanga, maana weusi wa yale mafuta ulikuwa umebaki kwenye kucha zake na sabuni haikuutoa.

Wakanyamaza wakinisubiri. Ilihitajika sentensi moja, na nilikuwa nayo. Nikamwangalia mama. Akatikisa kichwa kidogo sana kunikataza, akaangalia kaburi. Kaka alikuwa ananitabasamia.

"Tumshukuru Mungu," nikasema, nikakaa.

Aibu ya kukaa vile bila kuitoa ile sentensi bado ninayo, na ndiyo iliyoniketisha kuandika haya.

Tuliporudi, mama hakusinzia. Alikuwa ametoa mikono nje ya khanga, ameipakata, anaitazama. Tulikuwa tumeshaiona minara ya Tunduma aliposema, bila hasira yoyote, "Kweli wewe ni mtoto wa baba yako."

 Mbele yetu kulikuwa na tuta, nikapunguza mwendo.