Taa Juu ya Paa la Jirani

Juzi, baada ya swala ya magharibi, wajukuu waliniita uani hapa Kitangari nione taa zinazopita angani kwa mstari, moja nyuma ya nyingine kama siafu. Kabla sijamaliza kustaajabu, mmoja alishatazama simu yake. "Bibi, ni setilaiti hizo." Wakarudi ndani kula. Mimi nilibaki pale nikizitazama. Ndugu yangu, mstari kama ule niliuona utotoni, na ulimwondoa mtu kijijini.

Siku hizo maji yalikuwa mbali, chini ya mteremko. Kiangazi tuliamka alfajiri, mikono ya bibi yangu ingali inanukia korosho alizochoma jana yake, tukashuka na mitungi na mienge ya nyasi kavu. Mwiko mmoja tuliushika sote: ukienda kuchota huzungumzi, hata ukiitwa, mpaka mtungi ujae. Chemchemi ikisikia maneno, walisema, hujificha. Mtungi ukishajaa ndipo vicheko vilipoanza.

Mwaka mmoja, alfajiri, taa zikaonekana ng'ambo ya bonde, juu ya paa la jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake ukingoni mwa bonde, upande wetu. Ukungu ulificha ardhi yote. Tuliona taa tu, zikipanda angani polepole. Wanaume waliziita kwa sauti. Hazikujibu. Wakasema ni majini, na kwamba mwenye kuyafuga ni mjane.

Bibi alizoea kutuambia, "Kabla hujasema jini, tawadha, kisha tazama tena." Wachache walimsikia. Mjane alipokuja na kigae cha chungu kuomba kaa la moto, kama tulivyoombana sote, mama mmoja alimjibu bila kuinuka jikoni: "Taa zako zimejaa juu, mwenzetu. Kwetu wataka moto wa nini?" Wenziwe wakacheka. Baada ya hapo maneno ya kumhamisha yakaanza kusikika waziwazi.

Mwalimu wetu, aliyetoka mkoa mwingine, aliwaomba wazee wasubiri. Alfajiri alisimika miti miwili uani kwetu, akailenga kwenye taa. Ukungu ulipoondoka, alichungulia tena: mstari wa miti ulipita juu ya paa la mjane, ukaelekea njia mpya ubavuni mwa mlima wa ng'ambo. Akaenda huko na wazee. Wakakuta majivu ya mienge, na wanawake wa kijiji cha pili waliohamia chemchemi mpya huko juu baada ya yao kukauka.

"Tuliwasikia mkituita," walisema, "lakini mitungi ilikuwa bado mitupu."

Mwiko wao ulikuwa wetu. Wazee walirudi wakicheka kwa aibu. Bibi hakucheka. Aliweka kaa la moto juu ya kigae, akanishika mkono, tukaenda kwa mjane.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mtungi ulikuwa umefudikizwa mlangoni. Tuliita, lakini alikwisha kuondoka. Nikageuka nyuma, nikaona alichokiona yeye asubuhi ile: kutoka mlangoni kwake, miti miwili ya mwalimu ilikuwa imelenga nyumba yake. Bibi alisimama pale mpaka kaa likawa jivu.

Leo tuna bomba, na watoto huchota huku wakipiga soga. Namshukuru Mungu kwa hilo. Njia ya ng'ambo imemezwa na vichaka. Lakini kila alfajiri, nikishamaliza kuswali, hutazama upande ule wenye giza tupu, nikamwombea mwanamke ambaye hakuna aliyemfuata kumwambia kwamba walikuwa wachota maji tu.